Chungu Alichovunja Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, nikitumwa dukani nilizunguka kwa njia ndefu ya juu, katikati ya migomba, ili nisipite karibu na mfereji. Ukingoni mwa mfereji ule ndipo Bibi alipovunja chungu. Vigae vilibaki palepale, vitano au sita, vimezama nusu kwenye udongo mweusi, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyethubutu kuviokota. Hata kuku, alisema shangazi, hawachakuri pale. Ulikuwa uongo mtupu. Kuku walichakura pale kila siku, niliwaona, lakini nilimwamini shangazi kuliko macho yangu.

Inanibidi nieleze habari ya chungu, maana wanangu waliozaliwa mjini hunicheka nikiianza hadithi hii. Kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mtu akiibiwa, na mwizi akakataa kujitaja, mwenye mali alikuwa na njia moja ya mwisho. Alichukua chungu cha zamani, kile kilichopikia nyumba nzima kwa miaka mingi, akaita wazee wawili watatu, akakiinua na kutamka maneno ambayo watoto hatukuruhusiwa kuyasikia, kisha akakibwaga chini. Tangu siku hiyo aliyechukua asipokiri, akili yake ingepasuka kama chungu kile. Mchungaji alihubiri dhidi ya jambo hilo. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani, na vyungu vya zamani viliendelea kutunzwa darini.

Bibi yangu, mama yake baba, hakukosa ibada hata Jumapili moja, na alikuwa na chungu chake darini. Msimu wa kahawa wa mwaka ule, madebe mawili ya kahawa kavu yalipotea kwenye stoo yake. Aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akauliza huku akilia. Kila mtu alisema hajui. Baada ya Krismasi alikishusha chungu.

Mimi nilijua kahawa ilikokwenda.

Nilikuwa nimepewa jina la Bibi, Anaeli, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo mama yangu aliniita mkwe. Asubuhi akiwa na furaha aliniinamia jikoni, "Shikamoo mkwe wangu, umeamkaje?" nami niliitikia marahaba kwa sauti nzito ya kizee, tukacheka mpaka chai ikafurika. Na msimu ule wa kahawa mama alikuwa na furaha kuliko siku zote. Aliamka kabla ya jogoo. Alipaka chokaa nyumba yetu, alipomaliza akapaka na banda la ng'ombe. Alipika loshoro sufuria kubwa, mahindi na maziwa mgando, akaita kila aliyepita njiani aje ale. Kwaya ilipoimba kanisani, sauti yake ilikwenda juu ya wenzake na kukataa kushuka. Aliongea haraka mno, akaruka kutoka neno hili kwenda lile kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mama Anaeli," jirani mmoja alimtania, "leo umemeza betri?"

"Nimemeza mbili. Njoo nikutapikie moja, maana naona mumeo analalamika giza kila siku!"

Watu walicheka mpaka wakashika miti. Mimi nilijiona mtoto mwenye bahati kuliko wote shuleni.

Mchana mmoja aliniita nyuma ya stoo ya Bibi. Alikuwa ameshafunga debe moja kwenye kitenge, la pili limefunikwa majani ya mgomba. Tuliyabeba kwa zamu hadi kwa mjane mmoja aliyekaa chini karibu na barabara ya lami, mwenye watoto wanne na shamba dogo kama uwanja wa kucheza rede. Yule mjane alikataa. Mama aliweka madebe mlangoni, akageuka, akanishika mkono.

"Kahawa ya Bibi yako imelala stoo inangoja bei," aliniambia njiani. "Watoto wa yule wanalala bila kula. Sasa mkwe, nani asiyeweza kungoja?"

"Wale watoto."

"Umeona? Hata wewe umejua. Lakini hii ni siri yetu."

Niliitunza siri ile kwa fahari. Chungu kilipovunjwa niliogopa siku mbili, kisha nikamwona mama ni yuleyule, mzima na mwenye nguvu, nikatulia.

Masika yalipoanza, mama alianguka. Sisemi aliugua, kwa sababu hakuwa na homa wala kikohozi. Alilala akitazama ukuta alioupaka chokaa kwa mikono yake. Hakula. Hakuoga. Hata kulia hakulia. Nilipomwita mkwe, nikijaribu kugeuza utani wetu, alinitazama kana kwamba nazungumza kutoka ng'ambo ya bonde. Siku moja tu alinijibu. "Mwili huu si wangu," alisema. "Umeletwa na mtu, ukaachwa hapa."

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Jana betri mbili, leo hata moja hamna? Uvivu huu kama ungekuwa shamba, tungekuwa matajiri."

Bibi hakutania. Bibi alileta uji, akakaa kitandani, akamnywesha kijiko kwa kijiko kama mtoto. Nataka hili lijulikane, kwa sababu litakalofuata litamfanya aonekane mbaya. Bibi alimpenda mama. Nadhani alimpenda kuliko binti zake. Na kwa sababu alimpenda, siku alipotoka chumbani mle akiwa na kijiko mkononi, uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa amekumbuka chungu.

Kesho yake tulikuwa tunapukuchua maharage uani, mimi na yeye tu.

"Mjukuu wangu, unataka mama yako apone?"

"Nataka, Bibi."

"Chungu kinamla. Nilikivunja mimi kwa mkono huu, sikujua kama ni yeye. Hakiwezi kumwachia mpaka ukweli usemwe. Yeye hawezi tena kusema, unamwona. Wewe ni damu yake. Kama kuna kitu ulikiona, niambie mimi. Kitabaki kati yangu na wewe na Mungu."

Nilipukuchua ganda moja, nikapukuchua la pili. Nilifikiri kuhusu siri yetu. Kisha nilifikiri kuhusu mama akitazama ukuta. Ni mtoto gani angechagua siri? Nilimwambia yote, kitenge, majani ya mgomba, mjane, watoto wanne. Bibi alifumba macho, akanivuta kifuani. Alinukia moshi na maziwa. Nilijiona nimemwokoa mama yangu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikuta mabenchi yamepangwa uani. Ukoo ulikuwa umeitwa. Mshili, yaani kiongozi wetu wa ukoo, alikaa katikati. Baba alikuwepo. Yeye alikuwa seremala kwenye karakana moja Ngarenaro, huko mjini, alipanda nyumbani kila Jumamosi na kushuka Jumatatu, na siku ile alikaa benchi la pili, kofia magotini. Shangazi alimtoa mama ndani akimshika kwapani. Ilikuwa mara ya kwanza katika majuma mengi mama kuliona jua, na alilikunjia uso.

Bibi aliniita katikati. Nilimtazama. Nadhani nilitikisa kichwa.

"Sema, mjukuu wangu. Kama ulivyoniambia."

"Bibi, ulisema..."

"Najua nilivyosema. Lakini huyu ni mama yako. Sema apone."

Nikasema. Sauti yangu ilikuwa ile ya kusoma somo kanisani, kwa sababu sikuwa na sauti nyingine ya kuongea mbele ya watu. Nilipofika kwenye neno "siri" nikasita, mshili akasema, "Endelea, binti, usiogope." Nikaendelea mpaka mwisho. Nilipomaliza nilimtazama baba, nikitegemea aseme kitu, chochote kile. Alikuwa anaizungusha kofia.

"Mama Anaeli," mshili aliuliza, "mtoto anasema kweli?"

Mama alinitazama muda mrefu. "Kama Anaeli amesema," alijibu, "ni kweli."

Anaeli. Hakusema mkwe.

Kondoo alichinjwa. Vigae viliokotwa kimoja kimoja na kutupwa kwenye maji ya mfereji. Mama alishikishwa jani la isale, lile ambalo kwetu huombea msamaha, akampa Bibi, na Bibi akalipokea huku analia. Na sasa nasema jambo ambalo nimelificha miaka mingi kwa sababu linanifanya nionekane mjinga mbele ya watu waliosoma. Mama alipona. Majuma matatu baadaye aliamka, akaoga, akaomba loshoro. Kijiji kizima kilitikisa vichwa. Shangazi alimsimulia kila aliyekwenda sokoni. Nami nilitembea njia fupi ya dukani, nikiruka ule mfereji, nikiwa mtoto aliyeshinda chungu.

Mama alizidi kupona. Alipona mpaka akapitiliza. Msimu wa kahawa uliporudi aliacha kulala, akagawa nguo zake, akabishana na mchungaji katikati ya mahubiri. Na kabla ya Krismasi akaanguka tena, vilevile, uso ukutani.

"Hakumaliza kusema," mshili aliamua. "Anayekiri nusu huumwa mara mbili."

Safari hii hawakunibembeleza. Bibi na shangazi walinikalisha jikoni. "Ulificha nini?" Nilisema sikuficha kitu. "Mtoto anayemfichia mama yake ndiye anayemuua," alisema shangazi. Waliniuliza siku ile, wakaniuliza kesho yake, na siku ya tatu nilipoamka nikijua nitaulizwa tena, nilitunga. Nilisema mama alichukua pia kanga ya Bibi, ile ya harusi, iliyokuwa imepotea mwaka mwingine kabisa. Nilidhani nikiwapa kitu kingine, wangechinja kondoo mwingine, na mama angeamka tena. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilichukulia uongo ule kama dawa.

Hawakuchinja kondoo. Mtu anaweza kuiba kahawa ya kulisha watoto wa mjane na akasamehewa. Anayeiba kanga ya harusi ya mama mkwe wake hasamehewi. Kaka yake mama alikuja na pikapu kutoka Elerai akamchukua "apumzike kidogo". Baba mwenyewe alibeba godoro. Nilimwona akifuta jicho kwa kiganja, na chozi lile nililihifadhi miaka ishirini na zaidi kama ushahidi kwamba katika nyumba ile alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa upande wa mama, ila alishindwa nguvu.

Mama hakurudi. Aliishi kwenye chumba cha uani kwa kaka yake, akishona sare za shule katika miezi yake mizuri na kutazama ukuta katika miezi mibaya. Shuleni kijijini waliniita Mtoto wa Mwizi wa Kanga. Bibi alinilea mimi na wadogo zangu, akanisomesha, akafa akiamini alichoamini. Nikawa mwalimu. Nilifundisha watoto kusoma katika shule moja mjini, na kila Jumamosi nilikwenda Elerai kumsalimia mama. Tuliongea kuhusu bei ya vitambaa na mvua. Kuhusu ile Jumapili hatukuwahi kutamka neno.

Miaka michache iliyopita alianguka vibaya kuliko siku zote. Hakunywa hata maji. Nilimpeleka hospitali, na nikiri kwamba nilikwenda nikiwa na aibu, nimevaa kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, nisionwe na mzazi wa mwanafunzi nikiwa kwenye foleni ya wagonjwa wa akili. Daktari alikuwa binti mdogo ambaye kwa umri ningeweza kumfundisha darasa la kwanza. Alituuliza maswali kwa utaratibu, bila haraka. Je, kuna nyakati mama huwa na nguvu kupita kiasi? Halali na hachoki? Anagawa vitu? Anachukua vitu vya watu bila kuona ni vibaya?

Nilihisi kiti kinaondoka chini yangu.

Alinieleza kama ninavyowaeleza watoto, kwa mifano. Alisema moyo wa mtu una hali zake kama hali ya hewa, na kwa kila mtu hubadilika. Lakini kuna watu ambao kwao hubadilika mpaka inakuwa ugonjwa. Wengine hushuka tu, wakabaki chini majuma na miezi, hiyo ndiyo sonona. Wengine hushuka kidogo lakini kwa miaka, mpaka watu wanadhani ndiyo tabia yao. Wanawake wengine hushikwa baada ya kujifungua. Na wengine, kama mama, hupanda na kushuka, na kupanda kwenyewe ni ugonjwa, ingawa hakuna anayemleta mgonjwa hospitali kwa sababu anaimba sana.

"Inasababishwa na nini?" niliuliza. Nilitaka jibu moja.

"Mara nyingi si kitu kimoja, Mwalimu. Kunakuwa na kitu kwenye damu, kinatembea ndani ya familia. Kunakuwa na namna ubongo unavyofanya kazi. Halafu kinakuja kitu cha kuukoroga, uzazi, msiba, kukosa usingizi, maneno ya watu." Akamgeukia mama. "Bibi, umewahi kutumia dawa za hali hii?"

Nilitaka kumjibia, hapana, hajawahi. Mama alinitangulia.

"Niliwahi. Huyu alikuwa ananyonya."

"Nani alikuleta?"

"Baba yake. Alinileta hapa mjini. Walimweleza, mimi nilikuwa siongei. Akawa ananiletea vidonge kila Jumamosi akipanda nyumbani. Vilinisaidia. Kama miaka tisa hivi." Alinyoosha kitenge magotini. "Halafu akaacha kuvileta."

Tulitoka. Tuliketi kwenye benchi la saruji chini ya mti wa jakaranda nje ya duka la dawa, na kwa mara ya kwanza niliuliza. "Mama, siku ile kwa nini hukusema? Ulijua ni ugonjwa."

"Ningesema nini? Kahawa nilichukua kweli."

"Na kanga?"

"Anaeli." Alisema polepole, maana bado alikuwa chini. "Siku zile ningeamini kila baya linalosemwa juu yangu. Wangesema nimeua mtu, ningewaonyesha nilipomzika. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Wewe hukuhitaji kutunga vizuri."

Alijua nilitunga. Alikuwa amejua muda wote, kila Jumamosi tukiongea bei ya vitambaa.

Juma lile nilipanda Meru. Baba alikuwa uani, ameshazeeka, anapiga randa ubao ambao hakuna aliyemwagiza. Nilimsalimu shikamoo. Akaitika, akaniulizia wajukuu wake, akaniulizia mvua ya mjini. Nilingoja amalize, kama ninavyomngoja mtoto aliyevunja kioo aanze mwenyewe. Hakuanza.

"Baba, siku niliposimamishwa hapa, ulijua mama anaumwa?"

Aliendelea na randa. "Nilijua."

"Ulijua jina la ugonjwa."

"Waliniandikia kwenye karatasi."

"Kwa nini uliacha kuleta vidonge?"

"Alikuwa amepona. Na watu wa karakana walishaanza kuniuliza, kila wiki unakwenda duka la dawa, una nini? Nikaona tujaribu bila." Alipuliza vumbi la mbao. "Halafu hali ikarudi, na Bibi yako akaja na chungu chake."

"Ungesema."

"Niseme mke wangu ana ugonjwa wa akili? Niseme unatembea kwenye damu? Wewe na wadogo zako nani angewaoa?" Kwa mara ya kwanza alinitazama. "Chungu kina mwisho, mwanangu. Unachinja kondoo, kimeisha. Ugonjwa ule daktari aliniambia hauishi. Nilichagua kinachoisha."

"Hakikuisha, baba. Kilimwishia mama."

Aliinamia ubao wake tena. Nilikumbuka chozi lake siku ya godoro, na nikaelewa ni mali ya nani. Alikuwa amejililia mwenyewe.

Nilimwomba jambo moja tu. Kijana wangu alikuwa anakaribia kupata kipaimara, na sherehe tulipanga kuifanya kule nyumbani, uani palepale. Ukoo ungekuwepo, na mama angekuja. Nilimwomba baba asimame, aseme sentensi mbili. Kwamba mama aliumwa, na kwamba yeye alijua. Alifikiri, akasema, "Nitasema." Nilimwambia mama. Alishona gauni jipya la rangi ya zambarau kwa ajili ya siku ile. Vidonge vilikuwa vimeshaanza kumshika, alikula vizuri, alilala saa zake. Kwenye gari aliniuliza mara mbili kama baba kweli amesema atasema.

Baba alisimama baada ya chakula, kofia mkononi. Alimshukuru Mungu. Aliwashukuru wageni. Alimbariki kijana. Alimtazama mama, aliyekuwa ameketi wima kama mtu anayengoja kupigwa picha, akafungua kinywa, akasema vijana wasisahau kurudisha viti vya kanisa. Kisha akaketi.

Mama alianza kukusanya sahani zilizokuwa karibu naye. Alizikusanya kwa utaratibu, kubwa chini, ndogo juu. Sikuweza kutazama mikono ile.

Nikasimama. Sikuwa nimeandaa kitu. "Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mlinisimamisha hapa niseme," nilisema. "Wengi wenu mlikuwepo. Nimesimama kusahihisha. Kahawa mama alimpelekea mjane, akiwa mgonjwa, kwenye ule wakati wa furaha tuliokuwa tunaucheka. Kanga ya Bibi hakuichukua. Sikuona kanga yoyote, niliitunga kwa sababu mlinichosha. Mama hakuwa mwizi. Ana ugonjwa wa hisia, una jina na una dawa, alianza kuumwa nikiwa mchanga. Na baba alikuwa anajua."

Hakuna aliyelia. Watu wa kwetu hawalii kwa kupangiwa. Mzee mmoja aliomba kifungulio cha soda. Mtu alisema watoto wa siku hizi, ingawa nina mvi. Shangazi, ambaye sasa anatembea na fimbo, aliinuka na kuondoka, nikajua nimempoteza. Mama aliweka sahani chini. Hakuniita mkwe, hakunikumbatia. Alivuta tu kiti kilichokuwa kando yake, akakipangusa kwa kiganja ili nije nikae, nami nikaenda nikakaa.

Baadaye, nikiosha vyombo nyuma ya jiko, shangazi alinifuata. Alitazama kulia, akatazama kushoto, sauti ya chini mno kwa mtu aliyezoea kupiga kelele. Mtoto wake wa mwisho, yule fundi wa pikipiki, wiki ya tatu hajalala, anacheka peke yake, ameuza spana zake zote. Walikuwa wameanza kutafuta aliyemfanyia. "Hiyo hospitali," aliuliza, "mtu anaanzia mlango upi?"

Nilimwandikia kwenye kipande cha boksi la soda. Nilikwenda naye Jumatatu, na safari hii sikuvaa kofia ya sweta.

Nimefundisha miaka mingi, na nimesikia siri nyingi za watoto nikiwa nimeinama kati ya madawati. Nikiona mtoto anataka kuniambia jambo zito, namwambia kwanza kwamba kuna maneno sitaweza kuyaficha, nitayapeleka kwa fulani na fulani, kisha achague. Wengine hunyamaza, na hunipa kazi ya ziada ya kuwachunguza kwa macho. Lakini simwahidi mtoto siri ya kati yetu na Mungu ili anikabidhi mama yake.

Bibi nimemsamehe. Alivunja ahadi akiamini anaokoa mtu, na kama chungu kingekuwa na nguvu aliyodhani, angekuwa sahihi. Ninachoshindwa kusamehe ni benchi la pili, alipokaa baba na kofia yake. Mama hunishauri niache. Yeye alishaacha, anasema, kuna miezi hana nguvu ya kubeba hata mwili wake, abebe na wa mwanamume? Labda na mimi nitafika. Kwa sasa ninapanda Meru mara moja kwa mwezi nikiwa na sukari na majani ya chai. Namkuta baba uani, nampa shikamoo yake, anaitika marahaba, na hapo maneno yetu yanaisha.